Sura ya Sita: Hendeli ya Amedeus

Koplo Skolastika alifungua kufuli la mashine ya kusaga ya Shanwe saa mbili asubuhi, siku ya tatu tangu Amedeus afie ndani yake, na kitu cha kwanza kilichomkera kilikuwa usafi. Mtu amevutwa na mkanda wa injini mpaka akakata roho, halafu ukuta mzima uko shwari kama vile hakuna kilichotokea. Spana zilining'inia kwa ukubwa wake, kubwa kushoto, ndogo kulia. Nyundo ilikuwa mahali pake, kopo la grisi mahali pake, na fagio nalo mahali pake.

Amedeus alikuwa amechora umbo la kila chombo ukutani kwa rangi nyekundu. Ukitoa spana, umbo lake linabaki peke yake na kila mtu analiona. Mpanda nzima walimcheka kwa hilo. Walisema fundi huyu atakuja kumchorea na mkewe mahali pa kusimama. Alikuwa akicheka nao, kisha anaendelea kuchora.

"Mwingize," Skolastika alimwambia konstebo aliyesimama mlangoni.

Manyanda aliingia na pingu mkononi. Alikuwa kijana mrefu wa Kisukuma, familia yake ilihamia Kabungu na ng'ombe wao miaka sita nyuma, na kwa miaka miwili alikuwa msaidizi wa Amedeus hapa kinuni. Siku tatu za mahabusu zilikuwa zimemkausha midomo. Hakuangalia upande wa chumba cha kinu.

Hali yake ilikuwa mbaya, na Skolastika hakuona sababu ya kumficha. Kesho alfajiri gari la polisi lingekwenda Sumbawanga, naye angekuwemo na jalada la mauaji. Mkuu wa upelelezi, Inspekta Osward, alikuwa ameshaliandika lote isipokuwa ukurasa wa mwisho. Skolastika aliomba siku moja, akapewa mpaka saa kumi jioni, tena kwa kununiwa.

"Tutafanya upya yote ya Jumatatu," alisema. "Hatua kwa hatua. Ukiruka hata moja, umejiumiza mwenyewe. Anza asubuhi."

"Asubuhi kinu kilikuwa kinakwama, afande. Amedeus akasema tusisage, kwanza afungue atazame. Wateja wakaambiwa warudi saa saba."

"Wakaondoka?"

"Wakaondoka. Vyombo wakaviacha vishike foleni."

Vilikuwa bado vipo barazani, ndoo, madebe na mifuko, kimoja nyuma ya kingine, vikiwa vimejaa mahindi. Tangu Jumatatu hakuna aliyethubutu kuja kuchukua chake. Kuku wa jirani ndio walionufaika.

"Kisha?"

"Akanituma dizeli. Nikaondoka na dumu. Yeye nikamwacha anavua shati, anaingia kwenye kinu."

Skolastika alilijua jengo lile kwa mchoro aliouchora mwenyewe kwenye jalada. Unapanda baraza, unaingia ukumbi mwembamba wenye ule ukuta wa vyombo. Kulia ni chumba cha kinu. Kushoto ni chumba cha injini. Kati yao kuna ukuta wenye tundu la kupitishia mkanda, na aliye kwenye injini hamwoni aliye kwenye kinu.

"Rudi na dumu lako," alisema.

Manyanda alitoka mpaka baraza, akaingia tena, mikono yenye pingu ameiweka kama mtu aliyebeba kitu kizito. Alisimama mbele ya ukuta, akainua uso kwenye umbo moja lililokuwa tupu, umbo la chuma kilichopindwa mara mbili. Chenyewe kilikuwa kituoni, kimefungwa kwenye gazeti na kuandikwa "kielelezo namba moja". Ilikuwa hendeli ya kuwashia injini.

"Ilikuwa hapa," alisema. "Imening'inia hapa."

"Kila siku unasema hivyo."

"Nitasema nini kingine, afande, na ilikuwa hapa?"

"Nieleze sheria yake. Nieleze kama mtu asiyejua kitu."

Manyanda alinyoosha mikono yenye pingu kuelekea ukutani. "Anayefungua kinu anaichukua hendeli. Anailaza kwenye kizingiti cha chumba cha kinu, hapa chini. Bila hendeli injini haiwaki. Kwa hiyo ukikuta hendeli haipo ukutani, unajua kuna mtu ndani, unakaa. Ukiikuta ukutani, kinu kimefungwa, hakuna mtu, unaweza kuwasha. Alinifundisha siku ya kwanza. Hata kabla hajanionyesha choo kiko wapi."

Skolastika alichuchumaa kwenye kizingiti. Saruji ilikuwa na alama mbili nyeusi za grisi, moja kila upande, zimezama kwa miaka. Alipima kwa mkono, akapima na lile umbo la ukutani. Urefu ulikuwa uleule. Kwa hiyo sheria ilikuwepo kweli, na marehemu aliifuata. Ubaya ni kwamba hilo lilimmaliza Manyanda badala ya kumsaidia. Osward alikuwa ameliweka wazi jana, amejilaza kwenye kiti chake: mwenye sheria ile asingesahau hendeli ukutani. Basi aliilaza chini, na aliyeiokota ni aliyewasha. Halafu kulikuwa na ugomvi wa Jumapili, ambao wateja saba waliusikia.

"Ulimwambia nini Jumapili?"

"Afande, unayajua."

"Yaseme."

"Alinigombeza mbele ya watu. Niliacha spana juu ya injini. Nikakasirika. Nikamwambia, siku moja hivi vyuma vyako vitakula wewe mwenyewe." Aliinamia pingu zake. "Yalikuwa maneno ya hasira tu. Huyu mtu alinilipia mimi hospitali. Alikuja Kabungu kumpa baba pole, ndugu yangu alipofariki."

Alilia akiwa amesimama, na kwa kuwa pingu zilimzuia kujifuta vizuri, aliuacha uso ulowe. Skolastika alimwacha. Amefanya kazi hii miaka kumi na moja na anajua wauaji nao hulia, tena wengine kwa dhati, kwa hiyo machozi hakuyapa uzito wowote. Lakini moyo wake ulimwonea huruma, na hilo hakulificha.

"Umeiona hendeli ukutani," alisema. "Ukafanya nini?"

"Nikamwita. Lakini masikio yake yalishakuwa mazito, miaka yote hii ya injini. Hakuitika, na mlangoni sikuona mtu. Nikatoka nje nikamuuliza bibi."

"Bibi yupi?"

"Mama mkwe wake. Mama yake mkewe, Pelagia. Alikuwa amesimama pale kwenye ukingo wa baraza. Nikamuuliza, bibi, Amedeus yuko wapi? Akasema hajamwona. Basi nikajua ameenda kula. Nikasema nimwashie, akirudi akute injini imeshapata moto."

Jibu la bibi huyo lilikuwemo kwenye jalada. Bibi Agatha alikuja kutoka Mpimbwe kumwangalia binti yake aliyejifungua. Maelezo yake yalikuwa ya mistari minne: nilikuja kusaga mahindi, nikasimama nje, sikuingia ndani, sikumwona mtu. Skolastika ndiye aliyeyaandika, na kwa kuwa bibi alikuwa mfiwa, hakumuuliza la tano.

Alisimama, akazunguka polepole. Mlango wa kinu, kizingiti, ukuta. Kisha macho yake yakashuka kwenye kapu.

Lilikuwa pembeni ya mlango wa chumba cha kinu, ndani ya ukumbi, limejaa mahindi meupe. Jumatatu alilihesabu pamoja na vyombo vya wateja na kuandika "kapu moja". Sasa alitamani kujipiga kofi. Vyombo vyote vilikuwa barazani, kwenye foleni. Hili lilikuwa limepita foleni nzima, likavuka ukuta wa vyombo, likatua hatua mbili kutoka alipofia mtu.

"Mteja anaingia mpaka huku?"

"Hapana, afande. Amedeus hataki. Wanaishia barazani."

"Na mtu wa nyumbani kwake?"

Manyanda alifikiri. "Hao hawakai foleni."

Juu ya mahindi kulikuwa na ngata ya kitambaa cha kitenge, ile ya kutulizia mzigo kichwani. Skolastika aliifungua. Ndani ya mkunjo kulikuwa na doa jeusi la grisi, limenyooka, pana kama vidole viwili. Mtu alikuwa ameshika chuma kichafu kwa ngata ili asichafue mikono. Aliirudisha ngata juu ya mahindi, akalitenga kapu aondoke nalo. Alimwagiza konstebo amrudishe Manyanda mahabusu, ampe maji, naye akafunga mlango.

*

"Kwa hiyo bibi kizee ndiye muuaji," alisema Osward, na kucheka bila furaha. "Mama mkwe. Nikipeleka hilo Sumbawanga watanirudisha depo nikafunzwe upya."

"Sijasema muuaji. Nimesema aliingia, na akasema hakuingia."

"Kwa nini adanganye? Hana ugomvi na marehemu. Hana anachopata. Binti yake amebaki mjane na mtoto wa wiki tatu."

Hilo ndilo swali Skolastika alilokuja nalo akikanyaga baiskeli kutoka Shanwe, na jibu lilikuwa limemkuta njiani, akashuka, akatembea kipande kilichobaki kwa miguu. Chuoni walifundishwa kwamba shahidi hudanganya kwa hofu, kwa tamaa au kwa chuki. Aibu haikuwemo kwenye daftari. Lakini yeye ni Mfipa, ana mume, na mama yake mzazi hajawahi kula chakula chumba kimoja na mume huyo. Mara moja walikutana ghafla kwenye kijia cha kisimani, na mama yake, mtu mzima mwenye wajukuu, aliingia kwenye majani mpaka mkwewe apite.

"Saa kumi," Osward alimkumbusha.

"Nitarudi kabla."

*

Msibani wanaume walikuwa wachache nje, wameshakaa siku tatu na maneno yamewaishia. Kesho tanga lingeanuliwa. Skolastika alivua viatu, akawapa wanawake pole kwenye mikeka, akaketi kidogo kama inavyotakiwa. Pelagia alikuwa katikati yao, mtoto kifuani, macho yamevimba. Siku ya mazishi alimlaani Manyanda kwa sauti mpaka padri akanyamaza kumsubiri.

Skolastika alimwomba Bibi Agatha waongee chumba cha nyuma. Ilikuwa stoo ya Amedeus. Huku nako alikuwa amechora: umbo la jembe, la panga, la taa ya chemli, na chini kabisa umbo la beseni la kuogeshea mtoto, rangi yake bado mbichi.

"Bibi, hili kapu ni lako?"

Bibi Agatha alilitazama muda. "Langu, mwanangu."

"Lilikuwa ndani, karibu na kinu. Uliniambia hukuingia."

"Nilikwambia hivyo."

"Na ngata yako ina grisi."

Alikuwa mwanamke mdogo wa umbo, rozari shingoni, mikono migumu ya mkulima wa mpunga. Aliikunja ile ngata mapajani, akaikunjua, akaikunja tena.

"Nilisimama pale nje," alisema hatimaye. "Kukawa kimya. Nikajua hawapo. Nikaingia niweke kapu, niondoke. Nikakuta chuma kimelala mlangoni, njiani kabisa. Mtu angejikwaa aumie. Na mkwe wangu hapendi kitu kuzagaa, nyie wenyewe mmeona nyumba yake. Nikasema, ni yule kijana wa Kisukuma amekiacha tena. Jana yake walishagombana kwa spana, nilisikia wanawake wakisema. Nikasema watagombana tena leo. Nikakiokota kwa ngata, nikatafuta picha yake ukutani, nikakitundika. Kilienea pale vizuri kabisa."

Skolastika aliandika. Kalamu ilikuwa nzito. "Kabla hujatoka, ulitazama ndani ya chumba?"

"Usiniulize hilo."

"Lazima niulize, mama yangu."

"Wewe una mume?"

"Ninaye."

"Basi unajua." Alikuwa anaongea na ukuta sasa. "Nilipoinama kuokota nikamwona. Amechuchumaa nyuma ya mashine, kifua wazi, bukta tupu, tena imechanika. Mkwe wangu! Nimekaa nyumba hii wiki tatu, sijamwona hata akinywa maji. Akitaka kupita anakohoa, nami najificha. Nikatoka kinyumenyume. Nikakitundika kile chuma, nikakimbilia nje. Kapu nikalisahau."

"Na Manyanda alipokuuliza?"

"Ningesemaje? Nimwambie nimemwona? Nimemwona wapi, akiwa vipi? Kijana mdogo yule, akalisimulie sokoni? Nikasema sijamwona." Aligeuka. "Mlipokuja nyie nikasema hivyohivyo. Ni uongo mdogo, mwanangu. Nilitaka nikauungame Jumapili. Unahusiana nini na kifo chake?"

Bibi hakujua. Skolastika alikuwa ameliogopa hilo njia nzima, na sasa liko mbele yake. Mama huyu alidhani amebeba aibu tu. Angeweza kufunga daftari hapa, mistari ingetosha kwa Osward, na bibi angerudi Mpimbwe akaungame uongo wake mdogo na kusamehewa. Lakini maelezo husomwa kwa mtoa maelezo kabla hajaweka dole, na yatasomwa mahakamani tena, na Pelagia atayasikia kwa watu. Ni afadhali ayasikie hapa.

"Bibi," alisema, "kile chuma hakikusahauliwa. Amedeus alikiweka mwenyewe."

Akamweleza sheria ya hendeli, yote, kama Manyanda alivyomweleza yeye. Alitumia maneno mafupi. Hakusema "wewe" hata mara moja. Alisema chuma kikiwa chini, kikiwa juu, anayewasha anatazama nini. Bibi Agatha alimfuata kwa kutikisa kichwa, hm, hm, kama anayeelekezwa njia. Halafu kichwa kikaacha kutikisika.

Hakupiga kelele. Alifunika mdomo kwa ngata yenye grisi, na sauti iliyotoka humo ilikuwa ndogo sana.

"Ningemwambia tu yule kijana," alisema. "Yuko humo ndani. Maneno matatu."

"Hukujua, mama."

"Nilimwona, nikasema sijamwona."

Mlango ulikuwa umefunguka. Pelagia alisimama hapo na mtoto, na kwa jinsi alivyoshika fremu ya mlango, alikuwa amesimama muda. Skolastika aliinuka haraka, akajiweka katikati yao bila kufikiri, kama ambavyo angefanya sokoni watu wakitaka kupigana. Hakukuwa na haja. Pelagia hakusogea.

"Alikuwa anafanya nini?" aliuliza.

Mama yake aliinamisha uso kwenye ngata.

"Mama. Wewe ndiye wa mwisho kumwona. Alikuwa anafanya nini?"

"Alikuwa anaimba. Chinichini, ukiwa nje humsikii."

"Anaimba nini?"

"Ule anaomwimbia huyo." Bibi Agatha alinyoosha kidole kwa mtoto. "Maneno anayakosea."

Pelagia alishuka taratibu ukutani mpaka akakaa chini. Alilia kwa kinywa wazi, bila sauti, na mtoto akaanza kulia kwa ajili yake. Huko nje wanawake walinyamaza kusikiliza. Skolastika alisimama na daftari lake, askari mwenye cheo, akaona hana kazi yoyote ya maana chumbani mle. Alitamani Manyanda awe muuaji. Lilikuwa wazo baya, lakini lilimpitia: mtu mmoja mbaya, pingu, gari la Sumbawanga, na hawa wawili wangebaki na mtu wa kumchukia.

Mwishowe Pelagia alijifuta kwa kanga.

"Nilimlaani," alisema. "Mbele ya jeneza. Na ng'ombe wa baba yake, na watoto atakaozaa."

"Hajayasikia. Alikuwa ndani."

"Yuko wapi sasa?"

"Mahabusu. Kesho asubuhi wanampeleka. Nikiwa na maelezo ya mama kabla ya saa kumi, haendi."

"Na mama mtamfanya nini?"

"Kuokota kitu njiani si kosa. Uongo ule nitauandika ulivyokuwa na sababu yake. Watakaoamua ni wakubwa, lakini sioni wa kumfunga."

"Hata wakinifunga," alisema Bibi Agatha.

"Nyamaza, mama," Pelagia alisema, si kwa ukali wala si kwa upole.

Skolastika aliyasoma maelezo kwa sauti tangu mwanzo: jina, kabila, dini, kijiji, nimeingia, nimeokota, nimetundika, nimemwona, nimesema sijamwona. Alipofika mwisho akauliza kama yako sawa. Bibi Agatha alisema yako sawa. Skolastika akafungua pedi ya wino, akaiweka juu ya pipa la mahindi, akamwelekeza mahali pa kuweka dole gumba.

Bibi alitia dole kwenye wino. Alipolileta juu ya karatasi, mkono ulitetemeka, ukashuka kando, ukainuka. Mara ya pili ikawa hivyohivyo. Wino ulidondoka tone moja pembeni ya jina la Amedeus. Bibi aliwatazama kwa zamu, akiomba msamaha kwa macho kwamba hata hili dogo linamshinda.

Pelagia alimpa Skolastika mtoto. Akapiga magoti kando ya mama yake, akaushika ule mkono kwenye kifundo kwa mikono yake miwili, akaukandamiza kwenye karatasi na kuushikilia hapo, muda mrefu kuliko wino ulivyohitaji.

"Nenda, afande," alisema bila kumwachia. "Kamtoe."